Mawe Matatu ya Mpishi

Ukimpelekea habari ya msiba, Mpishi hakuulizi nani amekufa. Hakuulizi marehemu aliugua tangu lini, wala kama amezikwa au bado. Anakuuliza, "Wangapi?" Yaani ni watu wangapi wanaotarajiwa kula. Ukimpelekea habari ya harusi, swali ni hilo hilo. Nakumbuka nilimpigia simu kumwambia binti yangu amemaliza chuo, nikanyamaza kidogo nikingoja vigelegele. Akasema, "Haya, hongera. Wangapi?"

Wapo waliosema hana moyo, na mwaka wa kwanza nilikuwa mmoja wao. Baadaye ndipo nilipomjua. Machozi yake alikuwa akiyaweka mpaka vyombo viwe vimeoshwa. Siku moja matanga ya kijana mmoja wetu yalikuwa yamekwisha, watu wametawanyika, nikarudi kuchukua mkoba niliousahau. Nikamkuta uani kwake ameinamia karai la masinia, analia kwa sauti, "Mtoto wa watu, jamani, mtoto wa watu." Aliponiona akafuta pua kwa kiwiko, akanirushia kitambaa nikaushe vyombo.

Alikuwa mpishi wetu sisi watu wa pwani tulioangukia kwenye miji hii miwili, Minneapolis na Saint Paul. Hitima za mtaa wa Phillips alipika yeye, harusi za mtaa wa Frogtown alipika yeye, na hata wale waliohamia Roseville wakajifanya wamestaarabika, wakifiwa walimtafuta yeye. Mimi, mwanamke, naendesha basi la shule, lile la manjano, na kwa kuwa nina leseni ya magari makubwa na ulimi wa Kiingereza, nikawa dereva wake na mkalimani wake. Hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Dereva. Mimi nikamwita Ma, na nikimzungumzia kwa wengine nasema Mpishi, kama watu wote. Sasa hayupo, Mungu amrehemu, na kila ninapopita mtaa wake mguu wangu unakanyaga breki wenyewe.

Nisije nikamfanya malaika, maana angekuwepo angenitia mwiko wa kichwa. Mdomo wake ulikuwa pilipili. Alihubiri adabu za kubisha hodi mchana kutwa, lakini jikoni kwa watu aliingia bila hodi wala salamu, akafunua vifuniko vya sufuria. "Hii iliki umeitia lini, mwaka jana?" Nyumbani kwangu mwenyewe, mbele ya wageni wangu, alionja mchuzi wangu, akaumwaga wote kwenye sinki. Nilimnunia mwezi mzima. Nilipomnunia hakunibembeleza. Alikuwa akiniita tu kwenye simu, "Dereva, Jumamosi saa nne," na mimi mjinga nakwenda.

Mashine ya kupashia chakula moto aliiita dude la shetani, akakataza mtu kuleta chakula chake karibu nayo. Chai yake sasa, aliipasha kwenye dude hilo hilo mara tano kwa siku. Akichanganya bizari alikupa mgongo usione kipimo. Baridi aliichukia kama adui wa ukoo, lakini Januari utamkuta uani, koti la kiume juu ya leso, mvuke umemfunika mpaka humwoni, anageuza pilau kwa mwiko mrefu kama kasia. "Pilau haipikwi juu ya zulia," alisema. Na sufuria zake alizisugua kwa jivu mpaka ukajiona uso. Doa jeusi kwenye chombo lilimnyima usingizi.

Lakini mila yake kubwa ilikuwa moja. Kabla hajawasha moto mahali pasipo pake, aliuliza, "Hapa pana wenyewe?" Ukimtajia mwenyewe, atakwenda mpaka kwake kuomba ruhusa ya moto. Hata ukumbi wa kukodi. Nilikuwa nikizungushwa majengo mazima kumtafuta mfagizi, yule bwana amesimama na ufagio wake, nami nimtafsirie: huyu mama anakuomba idhini awashe moto kwako. Mfagizi anacheka. "Si mmeshapewa ufunguo?"

"Mwambie ufunguo ni chuma," Mpishi alisema. "Ruhusa ni mdomo."

Mimi niliona haya, nisiseme uongo. Siku moja nikamwambia, "Ma, huku Marekani. Watu hawana habari na hodi zako." Tulikuwa kwenye gari, taa imekuwa nyekundu pale Lake Street. Akaangalia nje. Ndiyo siku pekee aliyonisimulia ya kwao. Babake alikuwa na shamba la minazi, aliipanda kwa mkono wake. Akaja mtu na karatasi, akasema shamba ni ardhi ya serikali, na serikali imempa yeye. "Tukaambiwa sisi ni maskwota," alisema. "Neno lenyewe silijui. Nikamuuliza baba, skwota ni nini? Akaniambia, ni mtu ambaye hakupigiwa hodi." Taa ikawa kijani. Akaniambia niendeshe, mchele unangoja.

Kwa hiyo mambo ya wenyeji wa nchi hii aliyaelewa upesi kuliko sisi tuliosoma. Tulialikwa mkutano kwenye chuo kimoja, yeye akiwa amepika. Kabla ya hotuba, bwana mmoja wa suti akasimama akasoma karatasi kwamba ardhi tuliyokaa ni ya Wadakota, tangu na tangu, na kwamba ilichukuliwa kwa dhuluma. Watu wakainamisha vichwa. Mpishi akanipiga kiwiko nimtafsirie. Nikamtafsiria.

"Wamerudishiwa?" akauliza.

"Hapana, Ma."

"Sasa anawasomea nini? Umekalia kiti cha mtu, unamwambia kiti ni chako, na wewe hunyanyuki!" Akasema kwa Kiswahili lakini kwa sauti ya uani, bwana wa suti akageuka. Mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Halafu akasema polepole, "Walau amesema. Kwetu hata kusema hawakusema."

Mdakota aliyemjua yeye alikuwa mmoja, jirani yake wa nyumba ya kijani pale konani. Mwanamke wa rika lake, mstaafu wa kiwanda cha makoti, goti moja bovu, na mbwa mzee asiyebweka. Alikaa kibarazani na kikombe cha kahawa. Mpishi aliogopa mbwa, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea chumvi, basi urafiki wao ulikuwa wa kupungiana mkono. Lakini theluji ikianguka, ukiamka asubuhi, njia ya kuingia kwa Mpishi imeshakwanguliwa mpaka ngazini. Yule jirani hakuombwa na mtu. Mpishi alipeleka sinia la vitumbua, sinia likarudi na mtungi wa asali. Miaka ikaenda hivyo.

Sasa nije kwenye lile ambalo nimelizunguka kama paka na maziwa ya moto.

Idi Kubwa moja iliangukia kiangazi, na watu wakataka kula nje. Mahali nilichagua mimi. Kuna bustani chini ya ngome ya zamani ya askari, pale mito miwili inapokutana. Pana kivuli, pana nafasi ya kuegesha magari, na basi langu linageuka bila shida. Tulifika asubuhi, watoto wakaanza kuvuta kamba, wanawake wakatandika mikeka, muziki ukawekwa. Mpishi akateremsha sufuria yake kubwa, mchele umeshaloweka, nyama imeshaungwa. Kufungua mtungi wa gesi, fuu, umekwisha. Nani aliyeusahau? Kila mtu alimtazama mwenzake.

"Basi tutapika kwa kuni," Mpishi akasema. "Dereva, nitafutie mafiga." Halafu akasimama, akatazama ile miti na yale maji. "Hapa pana wenyewe?"

Watoto walikuwa wanalia njaa. Jua limeshapanda. Nikamjibu, "Bustani ya serikali, Ma. Hapana mwenyewe."

Akanitazama. Nilidhani atasema neno. Akasema, "Haya, lete mawe."

Nikaenda kutafuta. Mbele kidogo, chini ya mti, palikuwa na mawe yamepangwa duara, na juu yake matawini vimefungwa vitambaa vyekundu. Kando, hatua moja tu, palikuwa na kibao. Nilikisoma. Sikukisoma chote, lakini nilichokisoma kilitosha. Kilisema kwamba hapa, baada ya vita vya zamani vya Wadakota na serikali, wanawake na watoto na wazee wa Kidakota walifungiwa kambini majira ya baridi, wakafa wengi, na waliobaki wakafukuzwa kwenye nchi yao. Kilisema mahali hapa ni patakatifu kwao.

Na mimi ni mtu wa pwani! Kwetu ukikuta kitambaa kimefungwa mtini hata mtoto hagusi, anapita mbali. Hakuna aliyehitaji kunisomea. Nilisimama pale. Halafu nikajiambia ni mawe tu, nitayarudisha tukishakula. Nikachukua matatu yaliyolingana. Kitambaa kimoja kilianguka, nikakiruka.

Pilau iliiva vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba iliiva vizuri, na nilikula sahani mbili.

Mchana tukamwona jirani wa nyumba ya kijani anateremka njiani, anachechemea. Mpishi akafurahi, akanyanyua upawa kumwita. Yule mama akasimama mbali. Akatazama sufuria, akatazama chini ya sufuria. Akaenda mpaka kwenye mti, akainama kwa shida na goti lake, akaokota kile kitambaa, akaondoka.

"Mbona hakula?" Mpishi akaniuliza.

"Labda hali mbuzi," nikasema.

Kesho yake nilikuwa uani kwa Mpishi tukipanga vyombo, jirani akaja. Mkononi alikuwa na jiwe moja, jeusi tii kwa moshi, amelifunga kitambaani. Akaanza kusema, kwa sauti ya chini, bila hasira, na mimi nikatafsiri. Kwamba mamake bibi yake alikuwa mtoto kwenye kambi ile. Kwamba bibi yake alichukuliwa akapelekwa shule ya bweni, akanyolewa nywele, akachapwa kwa kusema lugha yao, na kwa hiyo alichokuja kumwachia yeye ni mambo machache sana, na mahali pale ni mojawapo. Kwamba kila mwaka kabla ya theluji watu wake hutembea siku nyingi kando ya mto kuwakumbuka wale wanawake na watoto, na kila anayefika huweka jiwe. Hili aliliweka yeye mwenyewe.

Hayo yote nilitafsiri sawasawa. Mpishi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuwahi kuketi mbele ya mgeni aliyesimama, ndiyo mara ya kwanza kumwona hivyo.

Kisha yule mama akauliza, "Hamkukiona kibao?"

Mpishi akanitazama ajue nini kimesemwa. Na mimi nikasema, "Anauliza kama tulijua."

"Mwambie Wallahi hatukujua," Mpishi akasema, na macho yake yamejaa. "Mwambie tungejua tusingegusa."

Nikageuka, nikamwambia jirani, "Anasema hapakuwa na kibao. Hatukuona chochote."

Yule mama hakunitazama mimi. Alimtazama Mpishi. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayefunga duka. Akasema, "Sawa," akaondoka na jiwe lake.

Hapo ndipo nilipomjua Mpishi kuliko miaka yote ya sufuria na safari. Mimi nilikwenda dukani nikarudi na brashi ya chuma na sabuni, tuyasugue yale mawe mawili tuliyoyaacha majivuni kule bustanini kabla ya kuyarudisha. Akaninyang'anya brashi. Huyu ambaye doa lilimnyima usingizi! "Usiyasugue," akasema. "Aliyechoma asifute. Tunayarudisha kama tulivyoyafanya." Tukayarudisha meusi, tukayaweka mahali pake, naye akasimama pale akasema, "Hodi, wenyewe. Nimechelewa." Nikatazama kando ili nisikione kile kibao.

Nikashauri tumpelekee jirani sinia, la vitu vizuri, sambusa, halua. Akakataa katakata. "Radhi haiombwi na sinia. Mtu akishakula chako, atakukataliaje? Huko ni kumziba mdomo." Akavaa buibui lake safi, akapanda ngazi za nyumba ya kijani, mimi nyuma yake. Akabisha, "Hodi." Kimya. Akangoja. "Hodi." Kimya. Akangoja tena. "Hodi." Pazia likatikisika, mlango haukufunguliwa. Akageuka akashuka. Ndiyo desturi yetu, hodi ni tatu. Usipojibiwa unarudi, tena unarudi bila kinyongo, maana mlango ni wa mwenyewe.

"Ana haki," aliniambia kwenye gari. "Nitarudi mwakani."

Akarudi mwakani, na mwaka uliofuata. Kila Idi Kubwa ikipita, siku ya pili yake, buibui safi, hodi tatu, kushuka ngazi. Na baridi ikifika, theluji ikianguka, njia yake ilikuwa imekwanguliwa mpaka ngazini, kama zamani. Mlango alitufungia, njia hakutunyima. Mpishi alikuwa akisimama dirishani anaitazama ile njia nyeupe iliyonyooka. "Dereva, kuna kitu sijakifanya," alisema. "Kuna kitu anakingoja na mimi sikijui." Akajichunguza kama anayetafuta sindano. Labda hakukusudia vya kutosha, labda alipaswa kwenda na wazee. Akaenda na wazee. Mlango haukufunguliwa.

Na mimi ndani ya gari nimeshika usukani, najua. Nilijiambia yamepita. Nilijiambia nikisema sasa nitamuumiza zaidi. Uongo una mashauri mengi mazuri, sijaona mfano wake.

Kisha kiharusi kikampiga, upande wa kulia, mkono ule ule wa mwiko. Akapelekwa nyumba ya wazee kule Roseville, karibu na maduka makubwa. Akili yake ilibaki kamili na maneno yakawa mazito. Nilikwenda kila nikimaliza kurudisha watoto wa shule. Siku moja, baridi imeshakuwa kali, akanivuta kwa mkono wa kushoto. "Idi ikifika," akasema, "unibebe na kigari mpaka ngazini kwake. Nitabisha nikiwa chini. Sauti ninayo."

Sikuweza tena. Nikamwambia. Nilimwambia nimeinama, natazama slipa zake. Kibao, vitambaa, kile alichouliza jirani, na kile nilichomjibu kwa kinywa chake yeye.

Akaniachia.

"Nilikuuliza, pana wenyewe?" akasema.

"Uliniuliza, Ma."

"Ukaniambia nini?"

"Nikakwambia ya serikali."

Akafumba macho. "Kama yule wa karatasi, aliyemjia baba," akasema.

Nimeachwa na mume, nimezika wazazi kwa simu, nimefukuzwa kazi mara mbili. Hakuna neno lililonipiga kama lile. Nilipiga magoti pale chini nikalia, naye hakuniinua. "Miaka mitatu nabisha," alisema, neno moja moja, "kumbe aliyefunga mlango nimekaa naye kwenye gari. Toka, Dereva. Nenda kabishe hodi yako. Na usiende na sinia."

Nikaenda kesho yake, alasiri. Theluji ya usiku ilikuwa bado laini. Nilipopita mbele ya nyumba ya Mpishi, ambayo haina mtu miezi, njia ilikuwa imekwanguliwa mpaka ngazini.

Nikapanda ngazi za nyumba ya kijani. Hodi ya kwanza, mbwa hakubweka. Hodi ya pili. Nikangoja. Hodi ya tatu. Nikahesabu pumzi zangu, nikageuka, nikaanza kushuka, na nakiri nilihisi nafuu. Nilikuwa kwenye ngazi ya mwisho mlango ulipofunguka.

"Leo umekuja peke yako," alisema.

Nikasema. Kwa Kiingereza, na kwa mara ya kwanza sikuwa natafsiri maneno ya mtu. Nilisoma kibao. Niliviona vitambaa, na kwetu vitambaa tunavijua. Nilichukua mawe mimi. Jirani yako hajui kusoma Kiingereza, aliniuliza nikamdanganya. Wewe uliniuliza nikakudanganya, tena kwa mdomo wake.

Akaegemea mlango kupumzisha goti. "Unajua ilituchukua muda gani kupata kibao kile?" akasema. "Niliwaandikia barua watu waliokuwa wanazaliwa wakati naanza. Halafu mtu ninayemkwangulia njia ananiambia hakipo." Akapangusa theluji kwenye kitasa. "Mawe yale mawili yalirudi meusi. Nilijiuliza sana. Mtu anayesema uongo angeyaosha. Nani aliyekataza sabuni?"

"Yeye."

"Nilidhani hivyo." Akatazama chini mtaani. "Yuko wapi? Nakwangua kila asubuhi, sioni nyayo."

Nilipomwambia, aliingia ndani akatoka na koti.

Nikamwendesha mpaka Roseville. Tulipofika chumbani, mlango ulikuwa wazi, Mpishi ameegemezwa mito. Yule mama hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti akagonga mbao mara tatu, taratibu, akingoja kila baada ya mara, sawasawa na ilivyofanywa mlangoni kwake miaka mitatu yeye akiwa nyuma ya pazia. Mpishi akamtazama. Midomo ikahangaika. "Karibu," akasema.

Halafu akaniuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia, Ma."

"Yote?"

"Yote."

"Basi sasa mwambie langu, na usipunguze neno." Akapumua. "Mwambie kusoma sijui, lakini masikio ninayo. Nilipoambiwa ya serikali, nilijua hilo si jibu. Hakuna aliyelijua kuliko mimi. Lakini mchele ulikuwa umeshaloweka. Nikasema lete mawe. Mwambie hivyo."

Nikamwambia, neno kwa neno. Hilo sikuwa nalijua hata mimi. Nikakumbuka alivyonitazama siku ile chini ya miti.

Yule mama alivuta kiti, akakaa, akanyoosha goti lake. Kisha akasema, "Wale waliokufa pale, siwezi kuwasamehea. Hilo si langu kutoa, na nisingependa mtu anifikirie ninaweza. La mlangoni pangu ni langu. Hilo limekwisha."

Nikatafsiri. Mpishi akatikisa kichwa kwamba amekubali, chozi limeteremkia sikioni na mkono wa kulifuta hauwezi. Yule mama akalifuta kwa kidole gumba, kama anayefuta kitu kwenye shavu la mtoto, akaendelea kuongea hali anatazama dirishani.

"Tunapotembea," alisema, "tunafika pale tumeganda. Wazee, akina mama wenye watoto mgongoni. Watu wa mjini wanatungojea na hotuba. Wengine wanalia, wengine wanapiga picha. Wana maneno mazuri sana. Mchuzi wa moto hakuna."

Nikamtafsiria Mpishi yote, mpaka hiyo ya mchuzi. Alikuwa amefumba macho, pumzi yake nzito, nikadhani amechoka na nikaanza kuinuka tumwache apumzike. Mkono wake wa kushoto ukanishika leso.

"Muulize," akasema. "Wangapi?"